Kilo Moja na Nusu

Asubuhi ya Ijumaa, siku ya kupima uzito, nadharia ya Koplo ilikufa, na aliyeiua ni fundi cherehani aliyekuja kituoni na tepu yake bado inaning'inia shingoni.

Fundi huyo alikuwa dada mkubwa wa Kifutio, mpiganaji wa ngumi, mateke na kabali ndani ya kizimba cha wavu, aliyepotea tangu Jumatano usiku. Ndiye aliyemlea wazazi walipofariki, ndiye aliyemshonea bukta yake ya kwanza ya kupigania, na ndiye pekee aliyepata neno kutoka kwake tangu apotee. Neno lenyewe lilikuwa meseji fupi: *Nimegonga. Usinisubiri.*

Koplo aliisoma meseji hiyo dada alipoileta Alhamisi alfajiri, akaielewa papo hapo, maana yeye huelewa kila kitu papo hapo. Kijana kagonga mtu kwa gari, kaingiwa na hofu, katoroka. Basi Alhamisi nzima askari walizunguka hospitali na mochwari, wakakagua bampa za watu wasiohusika. Mwisho wakampata mwendesha pikipiki aliyevunjwa mguu usiku uleule, na Koplo akafurahia mguu wa mtu kupita kiasi. Furaha ikakatika jioni, dereva wa lori alipojileta mwenyewe kituoni akilia kuwa ndiye aliyemgonga.

Inspekta, ambaye askari wenzake walimwita Bi Taratibu akiwa hayupo, alimvutia kiti yule dada.

"Dada yangu, mdogo wako huwa anaendesha gari la nani?"

"Gari gani?"

"Lolote."

"Hajui kuendesha, afande. Hata baiskeli ilimshinda. Ana kovu gotini mpaka leo."

Inspekta aligeuza shingo polepole kumtazama Koplo.

"Labda aliazima," Koplo alisema.

"Aliazima gari, au aliazima kujua kuendesha?"

Koplo akapata shughuli ya ghafla na kifungo cha shati lake.

"Mbona hukutuambia?" Inspekta alimuuliza dada.

"Hamkuniuliza. Mlisema mmeshaelewa." Alikuwa amekunja ncha ya tepu kidoleni, anaikunjua, anaikunja tena. "Afande, mimi sijui lolote la mapigano. Siku akipigana huwa nazima televisheni, nakata nguo. Niambie tu kama ni mzima. Mengine yote nitayabeba."

Inspekta alitamani sana kumwambia ni mzima. Hakumwambia, kwa sababu hakujua, na jambo hilo lilimkera kuliko lori, pikipiki na Koplo kwa pamoja.

"Alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Na kampuni inayoandaa mapambano. Aliwakusanya wenzake wakatae kupigana mpaka walipwe vizuri. Jumatano waliitwa wazungumze. Akaenda yeye kwa niaba ya wote."

"Hapo ndipo tungeanzia," Inspekta alisema, akachukua kofia yake. Dada naye alisimama, na kwa namna alivyosimama ilionekana wazi kwamba hakuna wa kumrudisha nyumbani. Akapanda gari nyuma.

Ofisi za kampuni zilikuwa ghorofa ya juu kabisa, na kiyoyozi kilikuwa kimewekwa kwa ajili ya watu wenye makoti. Mapokezini, mafundi wawili walikuwa juu ya ngazi wakibandika bango la pambano la Jumamosi. Kifutio alitanda ukuta mzima, mikono imefungamana kifuani, anatazama watu kama wamemkanyaga mguu. Inspekta alipita karibu na kuligusa kwa kidole. Gundi ilikuwa mbichi.

Mkurugenzi aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwembamba, nadhifu, ametoka kazi ya benki, akawekwa pale na wawekezaji aangalie fedha zao zinavyozaa.

"Tumeumia sana," alisema. "Kijana yule ni mboni ya jicho letu."

"Alikuja hapa Jumatano?"

"Alikuja, tukazungumza vizuri, akaondoka. Nilimsindikiza mpaka kwenye lifti."

"Alidai nini?"

"Nusu. Nusu ya mapato yote, unaweza kuamini?"

"Sasa hivi wanapata kiasi gani?"

"Katika kila mia, kumi ni yao. Na hapo wameneemeka. Zamani walipigania soda na nauli. Afande, lazima uelewe, wawekezaji wangu ndio waliobeba hatari."

"Na ile ya kupigwa teke la kichwa, imebebwa na nani?"

Mkurugenzi alitabasamu, akasogeza kalamu ikae sambamba na ukingo wa meza. Koplo alikohoa kuficha kicheko.

Inspekta aliinuka kama mtu wa kunyoosha mgongo. Meza ya pembeni ilikuwa na mfano wa jengo la kadibodi, lenye miti ya sponji na vigari vidogo vya plastiki. Hakuuliza kitu. Alilitazama tu, na hiyo ikatosha, kwa sababu Mkurugenzi hakuweza kumwona mtu akilitazama jengo lile na yeye akanyamaza.

"Hoteli yetu," alisema, tayari yuko kando yake. "Wawekezaji ni walewale. Faida ya mapambano tunaizungusha humu. Mafundi nimewapumzisha kidogo, lakini chumba cha mvuke kimekwisha. Marumaru yote, kuanzia chini hadi dari. Nimekijaribu mwenyewe, unatoka umezaliwa upya."

"Hongera. Na pambano la kesho mmelifuta?"

"Hapana. Tunaamini atatokea."

"Mmeshampata wa kuziba nafasi yake?"

"Tuna imani naye, afande."

Simu yake iliita. Alitazama jina, akageukia dirisha.

"Bado kilo moja na nusu? Hapana, endeleeni. Itoke kabla ya saa nane." Akakata, akawageukia wageni wake uso umekunjuka. "Jikoni hao. Nyama ya wageni wa kesho."

Inspekta alimshukuru kwa muda wake, wakatoka.

Chini, kabla ya kufungua mlango wa gari, alimshika Koplo mkono.

"Pambano lake kubwa la mwaka ni kesho, na mtu wa kulibeba haonekani. Wewe ungefanya nini?"

"Ningechanganyikiwa."

"Ungetafuta mwingine usiku kucha. Huyu anabandika mabango."

"Amesema ana imani, afande."

"Imani gani hiyo inayonunua gundi?" Inspekta alisema. "Halafu ile nyama. Nimepikia wageni wengi katika maisha yangu. Sikumbuki hata siku moja nikihangaika nyama itoke. Nyama huwa tunahangaika iingie."

Koplo aliwaza mpaka barabara kuu. Hakupata kitu, akasema labda ni mafuta yanatolewa kwenye nyama, na dada aliyekaa nyuma akamtazama kwa huruma.

Ukumbi wa mazoezi wa Kifutio na wenzake ulikuwa ghala la zamani, mabati juu, mikeka chini, na harufu ya jasho iliyokuwa na umri mkubwa kuliko baadhi ya waliomo. Siku hiyo kulikuwa na joto la kukusudia. Madirisha yamefungwa, na vijana kadhaa walikimbia duara wakiwa wamevaa makoti ya nailoni yaliyofungwa shingoni na viganjani, kila mmoja na chupa tupu ya kutemea mate. Midomo yao ilikuwa myeupe.

"Shikamoo, mama," mmoja alisema akipita.

"Marahaba," Inspekta aliitikia, bila kupenda sana.

Mkekani, mpiganaji mmoja alikuwa amemkaba mwenzake kabali ya nyuma. Aliyekabwa alikuwa mgeni kwenye mchezo, hilo lilionekana hata kwa asiyejua. Alitupa miguu huku na huku, uso umeiva. Kocha, mzee mnene mwenye masikio yaliyokunjamana, alikuwa amepiga magoti kando yao.

"Gonga," alisema kwa utulivu. "Umebanwa wewe. Gonga, usione haya."

Kiganja cha yule kijana kikapiga mkeka mara mbili. Aliyemkaba akaachia saa hiyohiyo, akamsaidia kuketi, akampigapiga mgongoni.

Inspekta alibaki mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Kocha, umemwambia agonge nini?"

"Mkeka, mama. Au mwili wa mwenzake, popote mkono unapofika. Ndiyo kusema nimekubali, niachie."

"Kwa hiyo mtu wako akisema nimegonga..."

"Amekubali yaishe. Kabanwa mahali hana pa kutokea."

Koplo alitoa simu, akaisoma upya ile meseji, midomo ikimcheza. Alipomaliza alionekana kama amegongwa yeye.

"Na aliyegongewa akikataa kuachia?" Inspekta aliuliza.

Kocha alisimama kwa shida, akijishikilia goti. "Hapo sasa. Kushindwa si kosa, hata mimi nimegonga mara nyingi. Lakini mtu akigonga, unaachia. Papo hapo. Asiyeachia simfundishi tena, hata awe bingwa. Huyo si mpiganaji, ni muuaji."

Inspekta alihisi fundo la siku mbili likilegea kidogo. Kifutio hakukimbia na hakumuumiza mtu. Alikuwa amekabwa, akakubali kushindwa, na aliyemkaba hakumwachia. Tena aliyemruhusu aandike meseji ile lazima aliisoma kwanza, akaona haina neno. Mtu wa mkekani angeielewa na kuifuta. Kwa hiyo ni mtu anayekula kwenye mchezo huu bila kujua hata lugha yake.

Mmoja wa wakimbiaji alisimama, akavua koti, jasho likamwagika toka mikononi kama amefungua bomba. Akapanda mizani ukutani.

"Umebakiza ngapi?" Kocha alimuuliza.

"Kilo moja, kocha."

Inspekta na Koplo walitazamana. Safari hii Koplo alielewa papo hapo, na alikuwa sahihi.

"Kilo ya nini?" Inspekta alimuuliza Kocha, sauti imepanda.

"Ya maji. Saa nane tunapimwa uzito mbele ya watu. Siku mbili za mwisho tunakauka. Hatunywi, tunatoa jasho mpaka namba ifike. Baada ya kupimwa ndipo wanakunywa."

"Nikinywa glasi mbili tu sasa hivi," yule kijana alisema huku akijaribu kucheka, "Jumamosi kwaheri. Nazidi, sifiki uzito. Wananikata malipo kidogo, mpinzani anakataa, pambano linafutwa."

"Na ukigoma kupigana?"

"Ah, hiyo mkataba unakumaliza. Kugoma hakupo. Ndiyo maana Kifutio alikwenda kuongea kwanza."

"Kocha," Inspekta alisema, "Kifutio hukauka wapi?"

"Hapa, kwenye mvuke wa masufuria, na mimi nakaa naye. Mwili wake ni mzito, maji ya mwisho hayataki kutoka. Mwaka jana alinizimikia mikononi, nikamtoa mwenyewe." Kocha akatazama uso wa Inspekta. "Kwani yuko mvukeni? Nani anamwangalia?"

Inspekta alikuwa ameshageuka. Alimwachia Kocha namba yake ya simu juu ya mizani, akatoka kwa mwendo ambao kituo kizima kingeushangaa.

Hoteli ilikuwa imezungushiwa mabati ya buluu. Mabomba yalilala kwenye majani, kreni imesimama, mifuko ya saruji imegeuka mawe. Jengo lenyewe lilikuwa kimya kabisa, ila ubavuni, kwenye bomba la chuma lililochomoza ukutani, mvuke mweupe ulikuwa ukitoka na kupotea juani.

Mlinzi alikuja akivuta mkanda. "Hakuna mtu humu, afande. Mafundi wamepumzishwa."

"Wamepumzikia mvukeni?"

"Una kibali?"

Inspekta alikuwa mtu wa vibali. Alishawahi kuwarudisha askari wanne kituoni kwa sababu ya muhuri. "Sheria inaniruhusu kuingia bila kibali maisha ya mtu yakiwa hatarini," alisema. "Ukitaka nikusomee kifungu, nitakusomea ukiwa na pingu."

Mlinzi akaona si lazima asomewe.

Walishuka ngazi zisizo na reli, Koplo mbele, dada katikati kwa kuwa alikataa kubaki garini. Chini kulikuwa na ukumbi wa vumbi, na mwisho wake mlango wa kioo uliojaa ukungu. Mabaunsa wawili walikuwa wamekaa kwenye ndoo, mashati wamevua, simu ya mmoja imelala juu ya mizani. Walipoona sare walisimama na kuinua mikono bila kuombwa. Walionekana kufarijika wao pia. Mmoja akasema, "Afande, sisi tulimwambia bosi huyu mtu hatoki jasho tena."

Inspekta alivuta mlango. Joto lilimpiga usoni. Chini ya benchi la marumaru, akiwa ndani ya koti la nailoni, jitu lile la kwenye bango lilikuwa limelala kwa ubavu, macho yamefumba nusu. Halikuonekana kutishia mtu. Liliposikia mlango, mkono mmoja uliinuka kidogo na kiganja kikapiga sakafu. Pa, pa. Kikapumzika, kikapiga tena.

"Basi," Inspekta alisema, na sauti yake haikuwa ya kipolisi hata kidogo. "Basi, mwanangu. Tumekuachia."

Ni mzima. Alilirudia neno hilo kichwani mara kadhaa, akiona raha ya kila silabi, huku Koplo na mabaunsa wote wawili wakimbeba Kifutio kumleta ukumbini penye hewa. Dada alikuwa ameshakaa sakafuni, kichwa cha mdogo wake mapajani, anakata koti la nailoni kwa mkasi aliotoa kwenye mkoba wake. Alikata kwa mstari ulionyooka. Mikono ilikuwa inajua kazi yake, machozi nayo yakafanya ya kwao.

"Mjinga wewe," alisema. "Nimegonga. Ndiyo meseji gani hiyo? Wametafuta gari lako siku nzima."

"Gari?" Kifutio alinong'ona.

Koplo alitazama dari.

"Walikubana kwa kitu gani?" Inspekta aliuliza akiwa amechuchumaa.

"Wadogo zetu wa mazoezini." Alizungumza kwa vipande. "Mkurugenzi alisema wale wapya wote atawafungia miaka mitano, wasipigane popote. Nikasema nakubali. Nitapigana kwa bei yenu, nitawatuliza wenzangu. Nikagonga kabisa. Akasema sawa, ila utakaa hapa mpaka Jumamosi, usije ukabadili mawazo." Alimeza mate yasiyokuwepo. "Nilimwandikia dada aelewe nimeshindwa. Niliona aibu kumwambia kwa mdomo."

"Kocha anasema kushindwa si kosa," Inspekta alisema. "Kosa ni la asiyeachia. Na hilo, kwa bahati nzuri, hata sheria yetu inalijua."

Koplo alikuwa ameshaita gari la wagonjwa. Dada alifungua chupa ya maji. Kifutio aliitazama, kisha akaitazama mizani iliyokuwa hatua chache kutoka pale, kwa mazoea ya mtu aliyeishi kwa namba miaka yote.

"Nikinywa hii, sifiki."

"Usifike," dada alisema.

Alimwekea chupa mdomoni. Funda la kwanza lilimwagikia shingoni. La pili lilishuka, na kila mtu mle ukumbini, mabaunsa wakiwemo, alilisikia likishuka. "Taratibu," Inspekta alisema, na Koplo kwa mara ya kwanza hakulicheka neno hilo.

Simu iliyokuwa juu ya mizani iliita. Inspekta aliipokea, akaiweka sikioni bila kusema kitu.

"Bado ngapi?" sauti ya Mkurugenzi iliuliza.

Inspekta alitazama chupa iliyokuwa ikiishia. "Zinaongezeka," alisema.

Akasimama, simu bado ikiwa sikioni.

"Usitoke ofisini, bwana Mkurugenzi. Vijana wangu wako njiani. Umewaingiza watu kizimbani miaka mingi ukiangalia kwa nje. Hiki cha kwetu cha mahakamani hakina wavu, ila na wewe utaingia."

Alipokata, simu yake mwenyewe ikaanza. Alikuwa Kocha, na nyuma yake kulisikika nyayo za vijana waliokuwa bado wanakimbia duara.

"Tumempata," Inspekta alisema kabla hajaulizwa. "Mzima. Anakunywa maji."

Ilisikika pumzi ya Kocha ikitoka yote kwa pamoja, halafu sauti yake ikitangaza ghalani, halafu nyayo zikisimama zote mara moja. Aliporudi kwenye simu alikuwa na kwikwi.

"Mama, vijana wanauliza. Saa nane imekaribia, na kugoma hakupo. Wakauke, au wafanye nini?"

Inspekta aliinama, akamwekea Kifutio simu karibu na mdomo. Kifutio aliivuta chupa pembeni kwanza. Midomo ilikuwa imelowa, na tangu waingie mle ndani hiyo ndiyo mara ya kwanza alifanana na mtu wa kwenye bango.

"Waambie wanywe maji," alisema. "Wote."